Kikandio cha Macho na Lugha ya Maonyo

Katika maduka ya vifaa vya umeme yaliyosongamana kando ya barabara ya Luthuli, katikati ya jiji la Nairobi, kuna bidhaa ndogo ambayo imezoeleka sana katika miaka ya hivi karibuni. Umbo lake ni kama miwani mikubwa ya wapiga mbizi, ila haina vioo. Upande wa ndani umetandikwa kitambaa laini, na nyuma una ukanda wa mpira wa kufungia kichwani. Ndani yake mna nyaya za kupasha joto, vifuko vya hewa vinavyojaa na kunywea, mota ya mtetemo na, katika aina nyingi, spika ndogo zinazounganishwa na simu ili mvaaji asikilize muziki. Huchajiwa kama simu. Mvaaji hujilaza kochini, akabonyeza kitufe, na kwa muda wa takriban dakika 15 macho yake hupashwa joto, yakaminywaminywa na kutetemeshwa gizani. Wauzaji hukiita masaja ya macho. Makala haya yatakiita kikandio, kwa sababu zitakazobainika baadaye.

Wapo wanaokibeza kifaa hiki. Kwao ni anasa ya wakazi wa Lavington na Kileleshwa, watu wanaonunua kwa shilingi elfu kadhaa usingizi ambao mkulima wa Limuru huupata bure. Wapo pia wanaokisifu kupita kiasi, hasa wauzaji, ambao hudai kwamba kinaondoa weusi chini ya macho, kinatibu kipandauso, na hata kwamba kinamrudishia uwezo wa kuona vizuri aliyeanza kuvaa miwani. Dai hili la mwisho ni uongo mtupu. Mtu asiyeona mbali huwa na mboni nzima ya jicho iliyorefuka kuliko kawaida, na hakuna joto wala mtetemo wa kuifupisha. Lakini kubeza nako hakusaidii kitu. Kinachostahili kuulizwa, na hasa na watu ambao kazi yao ni lugha, ni kwa nini macho ya watu wengi hivyo yamechoka, kifaa hiki kinafanya nini hasa, na mnunuzi anaambiwa nini kukihusu, tena kwa lugha gani.

Yaanziwe macho yaliyo karibu, yaani ya mwanafunzi wa Kiswahili mwenyewe. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili anayepanga chumba Kangemi au Uthiru hutoka maktabani jioni, akapanda matatu ya Waiyaki Way, na safari nzima husoma kwenye simu. Kitabu anachokisoma si kitabu bali ni picha za kurasa za kitabu. Riwaya kama Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1990, si rahisi kuipata dukani Nairobi. Nakala moja ya maktaba ikipigwa picha hupitishwa kutoka simu hadi simu, kurasa zimepinda, kivuli cha kidole cha aliyepiga kikifunika pembe, herufi zikiwa ndogo kama chawa. Anayetafiti tendi za kale kwa hati za Kiarabu ana shida zaidi, kwani miswada mingi aliyo nayo ni picha zilizowekwa kwenye mtandao na vyuo vya ng'ambo, na nukta moja ikififia hubadilisha neno zima. Matatu zenyewe zimepambwa taa za rangi zinazopiga kiwi. Akifika chumbani husoma tena mpaka saa sita ya usiku. Anapoona tangazo la kifaa kinachoahidi kumpumzisha macho kwa dakika 15, ni ajabu gani akijinyima chakula cha mchana juma zima ili akinunue?

Sasa kifaa chenyewe. Jicho hulindwa na utando wa machozi, na utando huo si maji matupu. Juu yake kuna tabaka jembamba la mafuta linalozuia maji hayo yasikauke upesi. Mafuta hutoka katika tezi ndogondogo zilizopangika ndani ya kope, za juu na za chini, na tundu zake hufunguka kwenye ukingo wa kope, nyuma ya nyusi ndogo zinazoota hapo. Tezi hizo zinaitwa kwa jina la Heinrich Meibom, daktari Mjerumani aliyezieleza katika karne ya 17. Kila mtu anapopepesa macho, kope huzikamua kidogo na kuyatandaza mafuta. Mtu aliyekaa tu hupepesa macho takriban mara 15 kwa dakika. Akiikodolea simu, idadi hiyo hupungua sana, na mara nyingi kope hazifungi kabisa. Mafuta yasiyokamuliwa hutuama, yakaganda, na jicho likakauka. Ndiyo maana macho huwasha, huwa mazito, na, jambo linalowashangaza wengi, hutiririka machozi ovyo, kwani jicho lililokauka hujitetea kwa kumwaga maji yasiyo na mafuta.

Joto la takriban nyuzi 40 za Selsiasi huyayeyusha mafuta hayo. Huu si ugunduzi wa kiwanda chochote. Madaktari wa macho wamekuwa wakiwashauri wagonjwa kwa miaka mingi wachovye kitambaa safi katika maji ya moto ya wastani, wakikamue, na kukiweka juu ya macho yaliyofumbwa. Ndivyo anavyoshauriwa mwenye chokea pia. Udhaifu wa kitambaa ni kwamba hupoa baada ya dakika mbili tatu na kinahitaji kuchovywa tena na tena, ilhali kikandio hudumisha joto lilelile kwa dakika zote 15. Hapo kikandio kinastahili sifa zake. Zaidi ya hapo, nusu ya nafuu anayoipata mvaaji haitokani na joto wala mtetemo. Inatokana na giza. Kwa robo saa hawezi kuitazama simu hata akitaka. Wahenga walisema macho hayana pazia. Kifaa hiki ni pazia linalouzwa pamoja na chaja.

Hapa ndipo lugha inapoingia, na inaingia kwa utajiri ambao wauzaji wa Luthuli hawakutarajia kuukuta. Kiswahili hakina kitenzi kimoja tu cha kushika mwili kwa nia ya kuutuliza. Anayechua hutumia dawa au mafuta na kusukuma msuli uliotegua au kukaza. Anayesinga hupaka manukato na kusugua taratibu, aghalabu bibi arusi. Anayetomasa hubonyeza kwa ncha za vidole, kama anayechagua embe. Anayefikicha husugua kwa nguvu, na macho ndiyo hufikichwa hasa, jambo ambalo madaktari hulikataza kwa kuwa kufikicha macho kwa miaka mingi kunahusishwa na maradhi ya konea kuwa nyembamba na kuchongoka. Anayekanda, kwa upande wake, hubonyeza na kuachia, na mara nyingi katika kukanda mna joto. Pwani, mama aliyejifungua hukandwa kwa maji ya moto katika siku zake arobaini. Mguu ulioteguka hukandwa. Wakati huohuo unga nao hukandwa, na yeyote aliyewahi kukanda unga wa chapati anajua kwamba mkono haufanyi haraka.

Kifaa kinachozungumziwa hapa kinapasha joto, kinabonyeza na kuachia. Kitenzi chake kilikuwepo kabla hakijabuniwa. Kilichobaki ni nomino, na mofolojia ya Kiswahili inayo njia iliyokwisha kukanyagwa: kufuta kumezaa kifutio, kuchuja kumezaa kichujio, kubana kumezaa kibanio. Kukanda kunazaa kikandio bila uchungu. Kikanda kingekuwa kifupi zaidi, lakini tayari mikutano ya kikanda ni mingi mno katika Afrika Mashariki, na mkanda ni wa suruali. Hata hivyo, masaja si neno la kulaaniwa. Lina silabi wazi tatu, linakubali upatanisho wa kisarufi bila kulalamika, na linatamkwa kila siku na watu wanaolipa kodi. Likishinda sokoni, litakuwa limeshinda kwa haki, kama kompyuta inavyoendelea kuishindania nafasi tarakilishi hata katika vinywa vya waliofundishwa kutamka tarakilishi tangu shule ya msingi.

Tatizo ni kwamba mijadala ya Kiswahili nchini Kenya aghalabu huishia hapo. Jina likipatikana, au wanaobishana wakichoka, kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Kwa miongo kadhaa wataalamu wa istilahi wamepimana nguvu juu ya rununu na simu ya mkononi, juu ya runinga na televisheni, juu ya mdahalishi na intaneti. Majina hayo yanahitajika, na hakuna anayewalaumu waliotoa jasho kuyabuni. Lakini nomino peke yake haimwambii mtu afanye nini na kitu alichokinunua. Inawezekana kabisa lugha ikawa na jina zuri la kifaa na isiwe na sentensi hata moja ya kumzuia mtu asijidhuru nacho. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kikandio.

Ndani ya kasha lake kwa kawaida mna kijitabu chembamba. Lugha zake ni Kichina na Kiingereza, na mara nyingine Kiingereza hicho ni cha kubahatisha. Maandishi ni madogo kuliko ya gazeti. Humo ndimo yaliko maonyo, nayo si ya mzaha. Aghalabu yanasema kwamba kifaa kisitumiwe na mtu aliyefanyiwa upasuaji wa jicho hivi karibuni, mwenye glakoma, mwenye retina iliyobanduka, wala mwenye jeraha au maambukizi machoni. Kisivaliwe juu ya lenzi zinazopachikwa kwenye jicho. Mtu asilale nacho. Kila onyo lina sababu yake. Kubonyeza kuzunguka jicho kunaweza kupandisha shinikizo ndani yake, na shinikizo ndilo adui mkuu wa mwenye glakoma. Jicho lililoshonwa halistahimili kubanwa. Tena, tangu mwaka 1908, Bernhard Aschner na Giuseppe Dagnini walipoeleza jambo hilo, inajulikana kwamba kuibonyeza mboni ya jicho kunaweza kupunguza mapigo ya moyo. Kifaa kilichotengenezwa vizuri hubonyeza mfupa unaolizunguka jicho, si jicho lenyewe. Lakini si kila kifaa kimetengenezwa vizuri, na si kila uso una umbo ambalo mtengenezaji alilikusudia.

Wala joto lenyewe halifai kila jicho. Fundi wa kuchomelea vyuma pale Kawangware, ambaye amefanya kazi bila kinga na usiku macho yanamwaka kana kwamba yametiwa mchanga, ameunguzwa konea na miale ya kazi yake. Anachohitaji ni daktari, giza na kitambaa cha baridi. Mtoto mwenye mzio ambaye macho yanamwasha kila vumbi linapotimka hupata nafuu kwa baridi vilevile. Lakini wote wawili wana macho yanayouma, na tangazo linasema kifaa ni cha macho yanayouma.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 cha Katiba hiyohiyo kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazozihitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa, na haki ya kulindiwa afya na usalama wake. Vifungu hivi viwili vimeandikwa katika waraka mmoja lakini ni nadra sana kusomwa pamoja. Wanafunzi wa Kiswahili hukikariri cha 7 katika kila hotuba ya kila kongamano. Ni wangapi waliowahi kukigusa cha 46? Na bado hicho ndicho kinachoweza kuipa lugha kazi ya kufanya. Urasmi usiofika kwenye kijitabu cha maelezo ya bidhaa ni urasmi wa jukwaani.

Pengine itadaiwa kwamba mnunuzi wa Luthuli anajua Kiingereza. Baadhi yao wanajua. Lakini kikandio hakitumiwi na mnunuzi peke yake. Kijana anayefanya kazi Westlands hukinunua, na mwisho wa mwezi akampelekea mama yake Kinoo au nyanya yake kijijini kama zawadi. Kijitabu kinabaki katika kasha, na kasha linatiwa viatu. Nyanya huyo ndiye mwenye umri ambao glakoma na mtoto wa jicho huanza kubisha hodi.

Kufasiri maonyo hayo si kazi nyepesi, na hapo ndipo umilisi wa mwanafunzi wa isimu na fasihi hupimwa kwa kweli. Mfano ni glakoma yenyewe. Neno hilo linapatikana katika maandishi ya kitaalamu, lakini watu wengi wa Nairobi wakilisikia hawalihusishi na chochote. Wanachokijua ni presha ya macho. Istilahi hii ni nzuri kwa kuwa inaeleweka mara moja, na ni mbaya kwa sababu iyo hiyo: anayeulizwa kama ana presha hudhani anaulizwa kuhusu shinikizo la damu. Akiwa nayo hukiacha kifaa bila sababu aliyoikusudia mwandishi. Asipokuwa nayo hukivaa huku glakoma inamla. Isitoshe, watu wengi wenye glakoma hawajui kwamba wanayo, kwa kuwa huanza bila maumivu na kuupunguza uwezo wa kuona kutoka pembeni, polepole. Onyo linalosema tu kwamba mwenye glakoma asitumie halimsaidii mtu huyo, hata likiandikwa kwa Kiswahili cha Lamu. Mfasiri mzuri angelazimika kuliongezea: aliyetimiza miaka 40, au ambaye mzazi au ndugu yake alipofuka kwa presha ya macho, apimwe kwanza. Je, hiyo bado ni tafsiri? Suala hilo lingefaa kujaza semina nzima, na lingekuwa na faida kuliko kurudia kwa mara ya kumi kama tafsiri ni sanaa au ni sayansi.

Upo pia mtego wa maneno yanayofanana. Anayefasiri neno kwa neno na kuandika kwamba kifaa kisitumiwe na mwenye macho mabaya atakuwa amewapiga marufuku wenye husuda, kundi ambalo kijitabu hakikulikusudia. Kukataza utumiaji kwa mtu mwenye jicho bovu ni tusi. Onyo la kutolala nacho linahitaji uangalifu wa aina yake, kwa kuwa mvaaji lazima ajilaze ili akitumie. Kinachokatazwa ni kupitiwa na usingizi. Lugha ina kitenzi cha hali hiyo, na kingeweza kutumika kama kilivyo: usikivae ukapitiwa na usingizi.

Kazi kama hii haihitaji baraza wala ufadhili. Chama cha wanafunzi kinaweza kuchagua kijitabu kimoja, kukigawa kwa makundi matatu, na kuyalinganisha matoleo yao. Kabla ya kukubaliana juu ya lolote, matoleo hayo yapelekwe kwa watu ambao tayari huyaeleza mambo haya kwa Kiswahili kila siku, nao hawako mbali: wauguzi wa hospitali ya macho ya Lions pale Loresho, na wale wa kitengo cha macho cha hospitali ya PCEA ya Kikuyu. Muuguzi anayemweleza mzee kutoka Dagoretti namna ya kujitia dawa ya matone amekwisha kukutana na kila ugumu uliotajwa hapa. Huenda ana jibu la presha ya macho ambalo halijafika darasani. Likifika, lisaidie kuandika karatasi ya nusu ukurasa ambayo muuzaji wa Luthuli ataitia ndani ya kasha. Muuzaji hatakataa ikiwa haimgharimu kitu, na akiona kwamba wateja wanaisoma atatoa nakala nyingine mwenyewe. Herufi ziwe kubwa. Wengi watakaoisoma wameinunua bidhaa hiyo kwa sababu macho yamewachoka.